Keneli mpya imeua wayfai? Baisekti, usikisie

Watu wakisikia mtu anafanya kazi ya keneli ya Linux, kile kiini cha mfumo kinachoongea na vifaa vya mashine, wanadhani anashinda anaandika kodi ya C kuanzia asubuhi mpaka usiku. Wapi! Siku nyingi mi nashinda nasoma patchi (marekebisho ya kodi) za wenzangu, najibu barua pepe, na nasubiri mashine imalize kukompaili, yaani kuijenga kodi iwe programu, huku chai inapoa. Na kwenye hizo barua zinazonifurahisha kuliko zote sio za mabingwa wa C, ni za mtu kaandika tu "toleo la zamani lilikuwa fresh, jipya linazingua, nimebaisekti na komiti iliyoleta shida ni hii hapa". Huyo kaniokolea siku kadhaa za kuhangaika, na inawezekana kabisa hajui C hata mstari mmoja.

Kwa hiyo leo tufanye hiyo kazi ya kubaisekti, yaani kuitafuta komiti mbovu (komiti ni badiliko moja la kodi) kwa kugawa nusu kwa nusu.

Tuseme umeapdeti mashine, keneli imetoka 6.11 kwenda 6.12, na tangu hapo wayfai inakatakata. Kwanza hakikisha mwizi ni keneli kweli. Restati, kwenye menyu ya GRUB, ile ya kuchagua keneli mashine inapowaka (isipotokea shikilia Shift au gonga Esc), ingia kwenye machaguo ya ziada, chagua keneli ya zamani, alafu tumia mashine kama kawaida. Ikitulia, umempata. Jaribu pia keneli mpya kabisa iliyotoka, manake inawezekana kuna mtu kashalirekebisha na we unataka kujichosha bure.

Mantiki ya kubaisekti ni ya fundi bomba. Bomba refu limefukiwa chini, maji hayafiki nyumbani, fundi mwenye akili hachimbi mtaa mzima, anachimba katikati anaangalia, maji yakifika hapo basi pasuko liko mbele, yasipofika liko nyuma, anaenda katikati ya kile kipande kilichobaki, hivyohivyo mpaka analikuta. Toleo moja la keneli huwa na komiti zaidi ya 10,000, inatisha ukiisikia, lakini ukigawa nusu kwa nusu ni kama raundi 14 tu. Hii ndo sababu sielewi watu wanaochukua lundo la dmesg, yaani kumbukumbu za keneli, wanaipa AI, wanarudishiwa makisio kumi yaliyopambwa vizuri, wanashinda wanayajaribu moja moja. Baisekti haikisii bana, inakuuliza tu inafanya kazi au haifanyi.

Sasa kodi. Kuiklon (kuinakili) historia nzima ya keneli kwa git, programu inayotunza historia ya kodi, ni gigabaiti kadhaa, na ubaya wa git clone ni kwamba mtandao ukikata katikati unaanza moja, bando limeenda na maji. Kernel.org wanaweka faili moja linaitwa clone.bundle kwenye mirror yao (seva ya nakala), unalishusha na wget, na ile -c inaendelea pale ilipoishia hata umeme ukikatika mara tatu:

wget -c https://mirrors.edge.kernel.org/pub/scm/.bundles/pub/scm/linux/kernel/git/torvalds/linux/clone.bundle
git clone clone.bundle linux

Ukimaliza elekeza origin kwenye anuani ya kweli ya git kule kernel.org, vuta vilivyobaki pamoja na tagi zake (alama za matoleo kama v6.11). Na usije ukadanganywa uklon ile fupi ya --depth=1 kuokoa bando, hiyo haina historia, sasa utagawa nini nusu?

Kinachofuata ni konfigi, orodha ya vitu vya kuwekwa kwenye keneli, na hapa ndo raundi 14 zinakuwa za jioni moja au za wiki nzima. Konfigi ya distro (kama Ubuntu) ina draiva za vifaa vyote duniani. Ingia kwenye keneli ya zamani ile inayofanya kazi, chomeka kila kitu unachotumia, flashi, printa, hedifoni za bluetooth, yaani vyote, kisha ndani ya folda ya kodi:

cp /boot/config-$(uname -r) .config
yes "" | make localmodconfig
cp .config ~/konfigi-yangu

Hiyo localmodconfig inaangalia modyuli (vipande vya keneli kama draiva) zilizopakiwa muda huo na kuzima nyingine zote. Ndo maana nasema chomeka, ukisahau flashi leo kesho keneli yako haiitambui. Ubuntu ina kaugonjwa kake, kukompaili kunafeli ikitafuta faili la vyeti linaloitwa canonical-certs.pem, dawa ni hii:

scripts/config --set-str SYSTEM_TRUSTED_KEYS ""
scripts/config --set-str SYSTEM_REVOCATION_KEYS ""

Kisha rudia cp .config ~/konfigi-yangu ili dawa ibaki kila raundi. Zima na Secure Boot kwenye BIOS, keneli uliyopika mwenyewe haina saini na itakataliwa mlangoni.

Kabla ya kuanza jenga kwanza v6.11 na v6.12 zenyewe kwa konfigi hiyohiyo, uone kweli moja nzima na nyingine mbovu, maana keneli ya distro huwa imewekewa patchi zao wenyewe. Zikikubali:

git bisect start
git bisect good v6.11
git bisect bad v6.12

Git inakurusha katikati. Unajenga:

cp ~/konfigi-yangu .config
make olddefconfig
make -j$(nproc)
sudo make modules_install install

Restati, jaribu wayfai, rudi useme git bisect good au git bisect bad, inakurusha sehemu nyingine. Isipokompaili au isipowaka kabisa usikisie jibu, sema git bisect skip. Na kila baada ya raundi kadhaa hifadhi git bisect log kwenye faili, ukikosea unahariri hilo faili na kulirudisha kwa git bisect replay badala ya kuanza upya.

Niwaambie nilivyoumbuka mimi. Mara yangu ya kwanza nilikuwa na wayfai inayokata baada ya kama dakika ishirini, mi nikawa naisubiri dakika tano, nikiona imetulia naandika good nasonga mbele. Raundi ya mwisho nikaletewa komiti inayorekebisha draiva ya s390. Sasa s390 ni mainframe za IBM, dude la ukubwa wa kabati, na mi nipo na kakompyuta ka mtumba juu ya mapaja! Good moja ya uongo inakupeleka mtaa mwingine kabisa, na git haina namna ya kujua umeidanganya. Tatizo la kuja na kuondoka lipe muda mara mbili tatu ya ule linaochukua kutokea. Bad haina shida, ukiliona umeliona. Kingine, kila ukiwaka piga uname -r kwanza uone ni keneli ipi inayotumika, GRUB inaweza kukuingizia keneli nyingine kimyakimya ukawa unapima isiyohusika. Washa CONFIG_LOCALVERSION_AUTO, jina la keneli litabeba vitambulisho vya komiti na hutachanganya.

Mwisho git itakuandikia kwamba komiti fulani ndo ya kwanza mbovu. Usikimbilie kuandika barua. Rudi kwenye kodi mpya, ifute hiyo komiti moja kwa git revert, jenga, jaribu. Wayfai ikipona una ushahidi ambao hakuna wa kuubishia.

Barua sasa. Wa kumpelekea unamjua hivi:

git show KOMITI | scripts/get_maintainer.pl

KOMITI weka namba uliyopewa. Tuma kwa aliyeiandika na wasimamizi waliotajwa, kopi regressions@lists.linux.dev, kichwa kianze na [REGRESSION]. Maandishi matupu, sio HTML, barua za HTML zinatupwa kabla hazijasomwa. Najua vijana mnaona barua pepe ni mambo ya kizee, mi naona ndo ilivyotakiwa kuwa, mtandao wa kobe unatosha na huhitaji kufungua akaunti popote. Andika kifaa gani, toleo gani zima, lipi bovu, komiti ipi, na kwamba ukiifuta inapona. Ambatisha dmesg na konfigi. Basi, usilaumu mtu. Sheria ya Linus Torvalds, muasisi wa Linux, kuhusu kilichokuwa kinafanya kazi kwa mtumiaji kikavunjwa na keneli ni kali sana, kwa hiyo uko upande wenye nguvu hata ukiandika kwa upole.

Mara nyingi utajibiwa na patchi ya kujaribu. Ihifadhi, ipake kwa git am, jenga mara ya mwisho, ikipona jibu ukiweka mstari wa Tested-by wenye jina lako na barua pepe yako, na jina hilo litaingia kwenye historia ya keneli.

Alafu piga git bisect reset na usafishe /boot, kumi na nne zile zimejaa humo, na partisheni ya /boot ikijaa apdeti inayokuja inafia katikati. Futa mafaili yake na folda zake kule /lib/modules, endesha update-grub. Ila angalia uname -r kabla ya kila rm.