Jinsi ya kufanya takwimu za mwaloni (na zahanati, na shule) zifike kwenye maamuzi ya serikali: mwongozo kutoka Kigoma

Wadau, naandika hii kwa ajili ya watu wa aina tatu. Kuna kijana aliyemaliza chuo na utafiti wake umelala kwenye flashi. Kuna afisa wa halmashauri anaandika ripoti ya robo mwaka mpaka macho yanauma, na hajawahi kuona ripoti hiyo ikibadilisha hata kitu kimoja. Alafu kuna diwani au kiongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo, yaani sehemu mitumbwi inapoteremshia samaki) ambaye tatizo analijua vizuri kabisa maana analala nalo na kuamka nalo, ila akisimama kwenye kikao anaambiwa lete takwimu. Nyie watatu kila mmoja ana kipande chake na mnaishi mji mmoja, kwahiyo nataka nieleze namna ya kuviunganisha. Mfano mkubwa ntautoa ziwani kwetu, Ziwa Tanganyika, kwasababu ndio tunaoufahamu wote.

Kosa kubwa ni kuanza na data. Mtu anachapa dodoso, anazunguka mialo ya Kibirizi na Katonga anauliza maswali arobaini, anaingiza kwenye Excel, akishamaliza ndio anaanza kutafuta wa kumpelekea. Wewe anza mwisho kabisa, yaani uliza ni uamuzi gani unakaribia kufanywa, nani anaufanya, na anaufanya lini. Ukiyajua hayo ndio utajua uhesabu nini, na mara nyingi utakuta unahitaji vitu vichache kuliko ulivyofikiri.

Na hapa kwenye nani anaamua watu wengi wanapotea. Ukubwa wa macho ya nyavu hauamuliwi na halmashauri, hilo liko kwenye Sheria ya Uvuvi ya 2003 na kanuni zake za 2009, liko wizarani. Kulifunga ziwa, yaani kusimamisha uvuvi kwa muda, nako ni jambo la nchi nne, sisi, Burundi, Kongo na Zambia, na nchi hizo zina chombo chao cha pamoja, Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, makao yake Bujumbura. Lakini ushuru wa mwaloni, chanja za kuanikia dagaa, choo cha mwalo, taa, sheria ndogo, mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu, hayo yote yako halmashauri. Ukipeleka hoja ya nyavu kwa mkurugenzi wa halmashauri atakusikiliza kwa heshima na atakurudisha nyumbani bila kitu, sio kwamba ni mbaya, hana hayo mamlaka.

Haya tuje kwenye mfano wenyewe. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana na kukua. Swali ambalo kila mtu analo ni je, inasaidia? Ni swali halali kabisa na serikali inalihitaji jibu lake kuliko hata sisi, ila ndio swali rahisi kulijibu vibaya.

Jibu la haraka ambalo utalisikia mtaani ni kulinganisha kabla na baada, kwamba Aprili tulikuwa tunapata hivi, Agosti baada ya kufungua tunapata hivi. Usifanye hivyo. Kuanzia Mei mpaka Septemba ndio kiangazi chetu na ndio upepo wa kusini unavuma, unayachanganya maji ya ziwa na kupandisha virutubisho vya chini, hasa kule kusini, kwahiyo samaki wana msimu wao wa kupanda na kushuka hata kama hakuna aliyefunga kitu. Linganisha mwisho wa Agosti na Septemba ya mwaka ziwa lilipofungwa na mwisho wa Agosti na Septemba za miaka ya nyuma, na usichukue mwaka mmoja tu, chukua kadhaa, kwasababu mwaka mmoja unaweza kuwa wa ajabu tu wenyewe.

Alafu kuna mwezi. Mvuvi yeyote wa dagaa anajua kwamba mwezi ukiwa mkubwa taa haivuti samaki vizuri na wengi wanapumzika. Sasa wewe ukilinganisha wiki ya giza na wiki ya mbalamwezi utapata tofauti kubwa sana na utaipa sera sifa au lawama ambayo sio yake. Linganisha giza na giza. Nasisitiza hili kwasababu mtaalamu akitoka mbali na kalenda yake ya kawaida anaweza asilione, ila mzee wa mwaloni ukimuuliza anakwambia dakika hiyohiyo, ndio maana lazima wavuvi wakae mezani kuanzia kwenye kupanga utafiti, sio kuitwa siku ya kuusomewa.

Tatu, usiangalie jumla ya tani peke yake. Jumla inaweza kupanda kwasababu vyombo vimeongezeka wakati kila chombo kinapata kidogo kuliko zamani, na hiyo ni dalili mbaya imevaa nguo nzuri. Kipimo kinachosema ukweli zaidi ni kilo kwa chombo kwa usiku mmoja. Ili ukipate unahitaji vitu vitatu tu, vyombo vingapi vimetoka usiku huo, vimerudi na nini, na kipimo kilichotumika kina uzito gani. Hicho cha tatu kinadharaulika sana. Mwaloni watu wanahesabu kwa ndoo na beseni, na ndoo ya huyu imejazwa mpaka imefura na ya yule imekatwa juu, kwahiyo chukua mizani upime ndoo kadhaa kwenye kila mwalo upate wastani wake kabla hujaandika chochote.

Sasa nikusogeze karibu kabisa kwenye daftari lenyewe. Fikiria daftari la mwandishi wa mwalo, kaunta buku yenye mistari ya kalamu ya bluu, tarehe pembeni, jina la chombo, ndoo. Unafungua ukurasa unakuta tarehe 9, 10, 11 hazina kitu. Je, hakuna aliyetoka? Walitoka wakakosa? Au mwandishi alikuwa msibani? Hizo ni habari tatu tofauti kabisa na kwenye kompyuta zote zitaonekana tupu, na anayeingiza data akiweka sifuri kila penye tupu anakuwa ameua samaki ambao walivuliwa. Wafundishe waandishi kuandika sifuri pale waliporudi mikono mitupu, kuandika "hawakutoka" pale ambapo hawakutoka, na kama hakuwepo aandike hakuwepo bila kuogopa. Mafunzo ya asubuhi moja tu, na yanaokoa kazi ya miaka.

Na hapohapo, mwandishi wa takwimu asiwe ndio mkusanya ushuru. Mvuvi akijua namba anayotaja itamrudia kama tozo atataja ndogo, ni binadamu, na daftari lote linapinda kuelekea chini bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Hili linahusu sekta zote. Namba ambayo unamwadhibu au kumtoza mtu kwayo haiwezi kukupa picha safi ya hali ilivyo, zitenganishe.

Nne, ziwa lenyewe linabadilika. Utafiti uliochapishwa 2003 kwenye jarida la Nature ulionyesha kwamba maji ya juu ya Ziwa Tanganyika yamepata joto na upepo umepungua nguvu, kwahiyo maji ya juu na ya chini hayachanganyiki kama zamani na chakula cha samaki kinapungua, wakakadiria uzalishaji wa chakula hicho umeshuka kama asilimia 20 na mavuno ya samaki yangeweza kushuka kama asilimia 30. Maana yake ni kwamba ukiona samaki hawajaongezeka baada ya kufunga usikimbilie kusema sera imefeli, inawezekana bila kufunga hali ingekuwa mbaya zaidi. Angalia pia aina ya samaki. Dagaa wanaishi muda mfupi, kama mwaka mmoja hivi, wanakua haraka, mabadiliko utayaona kwao mapema, migebuka wanahitaji muda mrefu zaidi, usiwahukumu wote kwa tarehe moja.

Na kitu ambacho mimi nakishikilia kwa moyo wote ni kwamba gharama nayo ni sehemu ya tathmini. Miezi mitatu kibarua wa mtumbwi hana kipato, mama anayeanika dagaa hana cha kuanika, muuza chai wa mwaloni hana wateja. Nani alikopa na kwa riba gani, watoto wangapi waliacha kwenda shule, dagaa sokoni walipanda bei kiasi gani, msaada au mradi mbadala ulimfikia nani na haukumfikia nani. Ripoti inayohesabu samaki ikaacha watu ni nusu ripoti, na kiongozi akiamua kwa nusu ripoti wanaoumia ndio haohao ambao hawakuhesabiwa.

Kabla hujakusanya chochote kipya tafuta kilichopo, kuna data nyingi sana imelala. TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wana kituo hapahapa Kigoma. Afisa uvuvi ana daftari zake. Zahanati kila moja ina vitabu vya MTUHA (vya kuandikia takwimu za afya), shule zina mahudhurio na matokeo, NBS, Ofisi ya Taifa ya Takwimu, wana sensa. Ripoti za CAG (mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali) ziko wazi kwa kila mtu, na sio za hesabu tu, zipo za ukaguzi wa ufanisi ambazo zinauliza kama huduma imemfikia mwananchi kweli. Ukiona taarifa inakwama kwenye ofisi fulani, ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, unaandika barua na ofisi inatakiwa ikujibu ndani ya siku 30. Andika kwa adabu, taja unachotaka kwa jina na mwaka, usiandike "naomba takwimu zote". Kama ni utafiti rasmi fuata kibali COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), na kwa vyovyote mtendaji wa kata na serikali ya kijiji wajue upo, usianze kupiga watu maswali kimyakimya.

Kwenye afya na elimu angalia sana namba ya chini ya mstari, yaani unagawanya kwa watu wangapi. Tabora 2012 ilikuwa na watu milioni 2.29, sensa ya 2022 ikakuta milioni 3.39. Zahanati inayopiga hesabu ya chanjo kwa makadirio ya zamani inaweza kupata asilimia 110 na wote wakapongezana huku kuna watoto hawajaguswa. Huku kwetu Kigoma kuna na watu wanaovuka mpaka na wanaotoka kambi za wakimbizi wakatibiwa, wako kwenye vitabu vya zahanati lakini hawapo kwenye makadirio ya kijiji. Uliza kila mara.

Kwanini nakazania njia ya kulinganisha? Mwaka 2013 na 2014 kulifanyika utafiti wa KiuFunza kwenye shule za msingi 350 za wilaya 10 hapa nchini. Shule zikapangwa kwa bahati nasibu, nyingine zikapewa ruzuku tu, nyingine walimu wakapewa motisha kulingana na watoto walivyofaulu, nyingine vyote viwili, nyingine hazikupewa. Ruzuku peke yake haikupandisha ufaulu. Vyote viwili kwa pamoja vikapandisha. Bila yale makundi kila mtu angebaki na maoni yake, mwalimu angesema hela na mzazi angesema uzembe. Kwenye kata huwezi kufanya kitu kikubwa hivyo, lakini mradi wa chanja unaweza kuanza na mialo miwili na kuacha miwili inayofanana nayo kwa msimu mmoja, hiyo haihitaji mfadhili.

Sasa kulipeleka. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai na Bunge la bajeti linakaa Aprili mpaka Juni, lakini ukifika halmashauri Aprili umechelewa, mipango inaandaliwa kuanzia kama Desemba mpaka Februari. Kwahiyo matokeo yako yawe mezani Novemba. Njia ni kamati ya maendeleo ya kata, wataalamu wa halmashauri, kamati ya kudumu, ndio baraza la madiwani. Usiruke wataalamu. Afisa mipango akiisikia namba yako kwa mara ya kwanza mbele ya madiwani ataipinga hata kama ni kweli, mfuate ofisini mapema, muonyeshe, mwambie akosoe, akikosoa vizuri rekebisha.

Karatasi iwe moja. Juu kabisa andika uamuzi unaoombwa, chini yake mlichokikuta kwa sentensi tatu nne, kisha gharama kwa shilingi na inatoka kasma (fungu la bajeti) gani, nani atafaidika na nani ataumia, mwisho kitu gani hamna uhakika nacho. Hicho cha mwisho usikifiche, madiwani wanaamini zaidi mtu anayesema hapa tuna uhakika na hapa bado. Projekta na rangi nyingi waachie wengine, diwani anataka kitu cha kukunja atie mfukoni akasome kwa wananchi wake.

Na likipitishwa usiondoke. Hakikisha kwenye muhtasari wa kikao imeandikwa tarehe ya kuangalia tena, kipimo kitakachotumika, na cheo cha anayeshika daftari, cheo sio jina, maana watu wanahama. Ilivyotokea kwa mikopo ya asilimia 10 ni mfano mzuri, ripoti za CAG zilionyesha mwaka baada ya mwaka hela ambazo hazirejeshwi, Aprili 2023 serikali ikaisitisha na baadae ikarudi kwa utaratibu mpya. Sasa utaratibu mpya nao unahitaji mtu wa kuupima, vikundi vilivyokopeshwa, vilivyorejesha kwa wakati, vilivyokufa na kwanini. Kama upo kwenye kata yako na hakuna anayefanya hivyo, anza na orodha ya vikundi kwa afisa maendeleo ya jamii, muulize mkopo ulitoka tarehe gani na marejesho yanaishia lini.