Kabla ya kukata pezi la samaki wa Sabaki na Tana

Anayetaka kujua kama perege wa Mto Sabaki na wale wa Mto Tana ni ukoo mmoja, mara nyingi hukimbilia kuulizia gharama za maabara za kupima DNA. Mimi ningemwambia aanze na ndoo za vifaranga wa samaki. Mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango wa kuchangamsha uchumi uliochimba mabwawa ya samaki katika maeneobunge 140, na sato, yaani perege wa Naili wanaofugwa, wakasambazwa kwa magari hadi sehemu ambazo mto wenyewe usingewafikisha. Bwawa likifurika masika, sato huponyoka wakaingia mtoni, wakazaana na perege wa asili wa pwani, Oreochromis spilurus. Machotara wao nao huzaa. Ziwa Victoria lilishayaona haya: sato na mbuta walipoingizwa humo kuanzia miaka ya 1950, ngege, perege wa asili wa ziwa hilo, akakaribia kwisha.

Kwa hiyo tenga muda wa kukaa na wavuvi wa Garashi na Mambrui, kisha wa Garsen na Ozi. Ukimuuliza mzee, "Je, kuna samaki wageni hapa?" atakujibu kwa adabu kwamba hakuna, na mazungumzo yataishia hapo. Uliza nani ana bwawa huko juu, vifaranga alivinunua wapi, maji yalilizoa mwaka gani. Uliza pia kama wanapata perege mwenye mistari ya wima mkiani, kwa sababu hiyo ndiyo alama ya sato, ingawa chotara humchanganya hata aliyezoea. Majibu hayo yaandikwe kando ya kila kituo cha sampuli. Bila hayo utasoma safari ya gari la vifaranga ukidhani umesoma safari ya samaki.

Maji nayo yana historia yake. Karne ya 19 watu wa Witu walichimba mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na Mto Ozi, na leo Tana inamwaga maji Kipini. Sabaki huanza kama Athi kule Nairobi, hupokea Mto Tsavo, hupita Maporomoko ya Lugard kwa jina la Galana, ndipo ufike kwetu pwani kwa jina la Sabaki. Samaki anaweza kushushwa na maporomoko, kupanda ni shughuli nyingine. Chukua sampuli juu na chini yake, maana huenda tofauti kubwa iko ndani ya mto huohuo mmoja.

Kisha chagua samaki kulingana na swali lako. Perege jike hulea mayai kinywani, hivyo jike mmoja aliyesombwa na mafuriko anaweza kuanzisha ukoo mzima kwingine. Kambale hupumua hewa na hujikokota kwenye nyasi zilizolowa. Mikunga wa maji baridi, wale wa jenasi Anguilla, huzaliwa Bahari ya Hindi ndipo huingia mitoni wakiwa wadogo. Ukiwatumia mikunga hao kupima kama Sabaki na Tana zimetengana, umeiuliza bahari.

Vibali vianze kushughulikiwa miezi kadhaa kabla: NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) kwa utafiti, NEMA (mamlaka ya mazingira) kwa rasilimali za kijenetiki chini ya kanuni za mwaka 2006, na KWS (shirika la wanyamapori), hasa ukiingia Tsavo. Mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, aambiwe kabla hajakuona na makasi.

Samaki wa sokoni Malindi achana naye. Wengine wametoka mbali, wengine kwenye friza za China. Pata samaki 25 hadi 30 kila kituo, lakini usiwachukue wote kwenye mtupo mmoja wa kimia, maana wanaweza kuwa ndugu wa tumbo moja. Kata milimita chache tu za pezi, tia kwenye ithanoli ya asilimia 95, na nyama isizidi theluthi ya chupa. Siku inayofuata badilisha ithanoli, kwa kuwa maji ya nyama yameshaizimua. Andika lebo kwa penseli kwenye kikaratasi kinachokaa ndani ya chupa. Wino wa kalamu huyeyuka humo. Makasi yapanguswe na kupitishwa motoni kabla ya samaki mwingine. Formalini isikaribie vipande hivi, huharibu DNA. Itumie kwa samaki mzima wa kumbukumbu tu, baada ya kumpiga picha na kumkata pezi, umpeleke Makumbusho ya Taifa.

Masika mto hujaa tope na nyavu huzolewa, kwa hiyo panga kwenda kiangazi. Hata hivyo usisimame majini kuandika: viboko na mamba wa Sabaki hawaulizi kibali. Ithanoli nayo hushika moto haraka, basi kabla ya kukata tiketi ya ndege au basi kutoka Malindi waulize wanakubali kiasi gani. Wakikataa, kausha vipande kwa chembechembe za silika zinazofyonza unyevu, kila kimoja kwenye bahasha yake.