Jinsi ya kuondoa kromiamu yenye sumu majini kwa kichocheo cha mwanga

Metali nzito haziozi wala haziungui, kwa hiyo mwanga hauwezi kuziangamiza. Unachoweza ni kuzibadili hali ili zitoke majini kwa urahisi. Jaribio hili la maabara linahusu kromiamu yenye valensi sita, yaani iliyopoteza elektroni sita, ambayo huyeyuka majini na imo miongoni mwa visababishi vya saratani. Ikipokea elektroni hugeuka kuwa yenye valensi tatu, ambayo sumu yake ni ndogo na hutuama kirahisi. Kadimiamu na zinki usizijaribu kwa njia hii, kwa sababu elektroni ambazo mwanga huzitoa kwenye titani dioksidi, kichocheo cha jaribio hili, hazina nguvu ya kuzigeuza.

Vaa glavu na miwani, kisha yeyusha gramu 2.83 za potasiamu dikromati katika maji yaliyokenekwa hadi ujazo ufike lita moja. Zimua mililita 10 za mmumunyo huo hadi lita moja, nao utabaki na miligramu 10 za kromiamu na rangi ya manjano hafifu. Ongeza takriban gramu 0.2 za asidi ya fomiki, kisha tumia asidi ya salfuriki kidogo kufikisha pH 3. Katika hali hiyo uso wa kichocheo huwa na chaji chanya na huvuta ioni za kromati, zenye chaji hasi. Asidi ya fomiki nayo hujaza vitundu vinavyoachwa na elektroni, ili zisirudi zilikotoka kabla ya kufanya kazi. Wengi hutumia asidi ya sitriki, nayo huharakisha kweli, lakini hushikamana na kromiamu na kuizuia isituame baadaye.

Tia gramu moja ya unga wa titani dioksidi wa aina ya anatasi, ukoroge gizani kwa dakika 30, ndipo uchukue sampuli ya kwanza. Hatua hii isirukwe: unga hunasa kromiamu hata pasipo mwanga, na asiyeipima atausifu mwanga kwa kazi usioifanya. Kwa sababu hiyohiyo andaa bika la pili lenye mwanga bila unga, na la tatu lenye unga lakini lililofunikwa.

Washa taa ya urujuanimno ya nanomita 365, kwani anatasi haiamki kwa mwanga unaozidi takriban nanomita 387. Jua pia hufaa, ila sehemu ndogo tu ya mwanga wake ndiyo yenye miale hiyo. Kila dakika 15 chukua sampuli, ichuje mara moja kwa chujio la mikromita 0.2, izimue, kisha uitie difenilkabazidi, kemikali inayobadili rangi ikikutana na kromiamu yenye valensi sita, katika asidi. Rangi ya zambarau inayotokea hupimwa kwenye nanomita 540.

Zambarau isipotokea tena, usifurahi mapema: kipimo hicho huona valensi sita pekee, na kromiamu yenyewe bado imo. Pandisha pH hadi kati ya 8 na 9 kwa sodiamu hidroksidi, acha itulie, chuja, kisha upime kromiamu yote kwa kifaa cha ufyonzaji wa atomu. Kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 0.05 kwa lita.

Unga uliogeuka kijivu cha kijani umefunikwa na kromiamu. Uoshe kwa asidi iliyozimuliwa kabla ya kuutumia tena, na maji ya kuoshea yahifadhiwe pamoja na mashapo kama taka zenye sumu.