Kuchagua sailensa ya gari kuukuu la dizeli lenye turbo

Gari langu ni Hilux Surf ya mwaka 1996, injini ya 1KZ-TE: lita tatu, dizeli, turbo. Nikipata abiria nawapeleka Amani au Lushoto, nikikosa napakia machungwa Muheza nashusha Tanga mjini. Tangu nilinunue limeshakula sailensa nne. Ya kwanza ilioza. Ya pili fundi aliipasua. Ya tatu niliuziwa mbuzi kwenye gunia. Ya nne ndiyo iliyo chini ya gari hivi sasa, na nimeichagua kwa akili niliyoipata kwa zile tatu.

Tukubaliane maneno kwanza. Wengi wetu tukisema ekzosi tunamaanisha bomba zima, na wakati huohuo tunamaanisha lile kopo la kupunguza kelele. Hapa ekzosi ni bomba zima kuanzia mbele mpaka nyuma, na kopo ni sailensa. Dukani ukisema mafla watakuelewa vilevile.

Sasa turbo. Ukielewa inavyofanya kazi, nusu ya uchaguzi umeshaimaliza. Ndani mna magurudumu mawili yenye mapanga, yamefungwa kwenye shafti moja. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha gurudumu la kwanza, la pili linasukumia hewa kwenye silinda. Kinachozungusha ni tofauti ya presha: kubwa kabla ya turbo, ndogo baada yake. Ukibana njia ya moshi huko nyuma, tofauti hiyo inapungua, turbo inazubaa na joto linabaki mbele, kwenye manifoldi (mabomba yanayokusanya moshi wa silinda) na silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini. Na 1KZ si injini ya kuichezea kwa joto. Waliowahi kuimiliki wanajua habari ya hedi zake kupasuka.

Halafu kuna neema ndani yake. Mapanga hayohayo yanakatakata mapigo ya moshi kabla hayajafika nyuma, kwa hiyo sehemu kubwa ya kelele inafia pale pale kwenye turbo. Dizeli yenye turbo haihitaji sailensa ya kubana sana. Inahitaji ya kupitisha.

Ndiyo maana fundi wa sailensa yangu ya pili alinipata kirahisi. Alikuwa na gereji Ngamiani, jina lake nalihifadhi. Akaniambia, "Mgosi, hii nikutolee matumbo, gari lipumue." Nikakubali. Akapasua ubavu kwa grenda, akang'oa kuta na vibomba vya ndani, akafunika kwa kipande cha bati na kuchomelea. Hapohapo akaongeza kwamba ameacha kidogo, "maana injini lazima iwe na presha ya nyuma." Yaani ametoboa lipumue, kisha ameacha libanwe! Dizeli ya turbo haina haja na presha ya nyuma, yaani moshi kubanwa njiani, hata chembe. Hayo maneno yanazunguka gereji na gereji na hakuna anayeuliza yametoka wapi.

Kopo tupu si njia wazi. Moshi unaingia, unatanuka, unajizungusha humo ndani, kisha unagombania tundu la kutokea. Na sauti inakuwa ngoma. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 2,000 kwa dakika inatoa mipigo 67 kwa sekunde, na kopo langu tupu lilikuwa linaitikia mipigo hiyohiyo, yaani mwendo wangu wa kawaida wa barabara ya Segera. Abiria mmoja, mama mtu mzima, alivumilia mpaka Muheza, akanigusa bega: "Baba, nishushe hapa nipande basi. Kichwa changu hiki." Alinilipa nauli nzima, jambo lililoniuma kuliko angekataa.

Kwa hiyo usikubali kupasuliwa. Sailensa ikifa, badilisha.

Lakini hakikisha kwanza kwamba kweli imekufa. Moshi mweusi na gari kukosa nguvu mlimani kunaweza kutokana na kichujio cha hewa kilichojaa vumbi, au mpira wa hewa ya turbo uliochanika. Angalia hivyo viwili kabla hujatoa pesa. Kisha gonga sailensa kwa ngumi ikiwa imepoa: ukisikia vitu vinacheza ndani, au unga wa kutu ukimwagika kwenye mdomo wa bomba, jibu unalo. Kama bado una shaka, fungua flenji (ile sahani ya kuungia mabomba kwa bolti) iliyo mbele ya sailensa, liachie bomba nafasi, upande kilima kifupi mbali na nyumba za watu. Litanguruma vibaya. Likipanda kwa wepesi usiouzoea, njia ya nyuma imeziba. Usilipaki kwenye majani makavu wakati huo, na funga vioo, maana moshi unatokea chini yako.

Ukishajua, pima bomba. Si lazima uwe na kalipa. Chukua uzi wa katani, ambao Tanga hatuwezi kuukosa, uzungushe mara moja kwenye bomba, ukate, uulaze kwenye rula. Sentimita 16 ni bomba la inchi mbili. Sentimita 20 ni inchi mbili na nusu. Sentimita 24 ni inchi tatu. Kila nusu inchi ni sentimita nne, huwezi kusahau.

Langu, lenye viraka vya mafundi watatu, lilisoma sentimita 16. Kwa dizeli ya turbo ya lita mbili na nusu mpaka tatu mimi naenda inchi mbili na nusu, kuanzia bomba la mbele linalotoka kwenye turbo. Hiyo nusu inchi inaonekana ndogo, lakini nafasi ya kupita moshi inaongezeka kwa karibu asilimia 60. Kwa lita nne na kitu, kama Land Cruiser za 1HD, weka inchi tatu. Kijana mwenye lita mbili na nusu akitaka inchi tatu simzuii, ila anajiongezea uzito na kelele, na bomba nene linasumbua kulipitisha juu ya ekseli ya nyuma.

Dukani ndipo penye kazi. Sailensa kwa ndani ni za namna mbili. Za vyumba zina kuta, na moshi unageuzwa kwenda na kurudi kabla ya kutoka. Ziko kimya, hazina kitu cha kuungua, lakini nyingi zinabana. Za kupita moja kwa moja zina bomba lenye matundu katikati, na pembeni yake pamba ya kioo inayomeza sauti. Kwa turbo chukua ya kupita moja kwa moja. Masizi ya dizeli yataijaza pamba taratibu na sauti itapanda mwaka hadi mwaka, lakini njia haizibi. Kama turbo yako inavuja oili, tengeneza hiyo kwanza. Pamba ikilowa oili inatoa moshi usiokwisha, na kwenye mlima mrefu inaweza hata kushika moto.

Hapa ndipo nilipouziwa mbuzi wangu. Sailensa ya tatu ilikuwa inang'aa kama sinia la harusi, mdomo wake inchi mbili na nusu kamili kwa uzi. Sikuchungulia ndani. Ilipokuja kufunguliwa baadaye, bomba la katikati lilikuwa inchi moja na robo tatu. Midomo ilikuwa mipana, koo limenyongwa.

Siku hizi naenda dukani na ndimu. Nachagua inayopita mdomoni ikibakiza nafasi ndogo tu, naidondoshea ndani huku sailensa imesimamishwa wima. Ikitokea chini, njia ni moja kutoka juu mpaka chini. Ikinasa katikati, namrudishia mwenye duka mali yake. Mara ya kwanza kijana wa dukani alicheka sana, akaniuliza, "Mzee, unapika supu?" Sailensa mbili zikameza ndimu palepale mbele yake. Ya tatu ikaitema, nikaichukua. Zile mbili tulizitikisa mpaka ndimu zikatoka, maana siachi alama dukani kwa mtu.

Ndimu ikishapita, ingiza kidole. Matundu yakiwa yametobolewa laini, vizuri. Ukikuta magamba yaliyoinuka kuelekea ndani, kama samaki aliyepaliwa kinyume, moshi utajikwaruza hapo safari nzima, iache.

Urefu nao una maana kuliko unene. Kopo fupi la sentimita 30 linaachia ile ngoma ya barabara ya Segera. Tafuta tumbo la sentimita 45 mpaka 60, na kama gari lako ni la chini kidogo chukua la umbo la yai ili lisisuguliwe na mawe ya Amani.

Bati. Wengi wanadhani sailensa inaozeshwa na madimbwi. Inaanza kuoza kwa ndani. Lita moja ya dizeli ikiungua inatengeneza karibu lita moja ya maji, yakitoka kama mvuke. Ukisafiri mpaka Lushoto bomba linapata moto, mvuke unatoka wote. Ukizunguka Chumbageni na sokoni siku nzima, kilomita mbili hapa, tatu pale, maji yanalala kwenye tumbo la sailensa pamoja na tindikali ya salfa iliyotoka kwenye mafuta. Nje nako kuna chumvi ya bahari, hasa kwa mnaolaza magari Raskazone. Chuma cha kawaida kilichopakwa aluminiamu kinafaa kwa pesa ndogo. Stenlesi ni bora, ila jihadhari na kile kipimo cha sumaku. Kuna stenlesi inayoshika sumaku, ile ya namba 409, na ni nzuri tu ingawa juu inapata kutu nyepesi. Ile ya 304 haishiki, au inashika kidogo sana. Na kopo la nje laweza kuwa stenlesi huku bomba la ndani ni bati la kawaida, basi peleka sumaku mpaka ndani ya mdomo. Vyovyote utakavyonunua, mwambie fundi atoboe tundu la milimita tatu sehemu ya chini kabisa ya tumbo. Ukiwasha asubuhi utaona linadondosha maji. Hiyo ndiyo kazi yake.

Kufunga nitapita haraka. Kabla ya kuchomelea, chomoa waya za betri, na kama gari lina betri mbili chomoa zote. Pampu ya 1KZ-TE inaongozwa kwa kompyuta na hutaki umeme wa kuchomelea uitembelee. Sailensa ifungwe kwa flenji na bolti, isichomelewe moja kwa moja kwenye bomba, ili safari ijayo usiite grenda. Nati ziwe za shaba. Kati ya bomba la mbele na lililobaki weka kipande cha kunyumbuka, kwa sababu injini inatikisika na gari halitikisiki nayo. Bila hicho, ufa utatokea kwenye mshono. Raba za kuning'inizia ziwe mpya. Kisha nyanyua chesisi kwa jeki na kuishusha, ukitazama ekseli, hozi ya breki na tangi la mafuta. Vidole vitatu vipite kila upande.

Mdomo wa mwisho utoke kabisa nje ya bodi. Kwenye Surf hili si la urembo. Kile kioo cha mlango wa nyuma ukikishusha gari likienda, hewa inavuta moshi mpaka kwa abiria, na bomba likiishia chini ya bampa nyote mtashuka mkiumwa kichwa.

Ukitaka uhakika wa namba, mwambie fundi achomelee nati ndogo kwenye bomba, mbele kidogo ya sailensa. Fungia hapo kibomba chembamba cha shaba, mita moja hivi ili joto lipungue, mwisho wake geji ya presha ndogo. Panda mlima wa Mombo kwenda Lushoto, gia ya tatu, mguu chini, na mwenzako asome. Watengenezaji wa injini kubwa za dizeli zenye turbo hutaka isizidi kama 10 kPa, yaani psi moja na nusu. Sailensa yangu ya kung'aa ilisoma psi tano. Hii ya sasa haifiki moja na nusu. Ukimaliza ziba nati kwa bolti.

Usitegemee gari ligeuke ndege. Pampu inatoa mafuta yaleyale, kwa hiyo nguvu inayoongezeka ni ndogo. Nilichopata mimi ni turbo kuamka mapema, na mshale wa joto kutulia kwenye kona za Lushoto ambako zamani nilikuwa nasimama nijifanye napigia mtu simu.

Baada ya kilomita 200 hivi kaza bolti zote upya, kwa sababu gasketi mpya inalala ikishapata moto. Mimi nilikumbuka nikiwa Muheza, nyuma mna magunia saba ya machungwa. Nati mbili zilikuwa zimelegea. Nilizikaza palepale bila kusubiri ekzosi ipoe, nikarudi Tanga nikiendesha kwa mkono mmoja, kidole cha mwingine kimechomekwa ndani ya chungwa.