Kumuuliza mjamzito kama anapigwa nyumbani: ninavyofanya kliniki

Juzi nilikuwa na mkunga aliyehamia kituoni kwetu. Maswali anayajua yote. Kilichomshinda ni mume aliyekaa kwenye benchi mlangoni.

1. Mpate peke yake. Hudhurio la kwanza tunawahimiza waje na wenza wapime VVU pamoja, tena waliokuja wawili tunawatanguliza foleni. Sasa unamtoaje baba wa watu bila kumshtua? Usimwambie "nataka kuongea na mama faragha." Nilisema hivyo mara moja, huko nyumbani mama akahojiwa usiku kucha, tukamwona tena siku ya uchungu. Siku hizi natumia kopo la mkojo: mama anakwenda chooni, nami namsindikiza. Au nasema, "Baba, subiri hapo nje, tunapima tumbo," na nawaambia hivyo waume wote, mpole na mkali, kila siku ya kliniki. Pazia halizuii sauti, funga mlango. Wa kutafsiri asiwe wifi. Mtoto aliyeanza kuongea, naye atoke, maana atayarudia yote mezani. Ukikosa upenyo, usiulize, ngoja hudhurio lijalo.

2. Anza na "wajawazito wote tunawauliza haya." Neno "ukatili" liache, wengi kofi hawaliiti ukatili. Taja kitendo: amekupiga? Amekusukuma? Anakulazimisha tendo? Unamwogopa?

3. Akikubali, msikilize. Usimuulize kwa nini haondoki.

4. Pima hatari: amewahi kukukaba shingo? Ametishia kukuua? Kipigo kinazidi? Leo utalala wapi? Kwa "ndiyo" ya kukabwa au kutishiwa kuuawa, mimi simruhusu aondoke kabla sijamwita ofisa ustawi wa jamii, hata kama foleni inalalamika.

5. Kama amebakwa, dawa za kuzuia VVU zianze mapema, zisivuke saa 72. Tiba kwanza, PF3 (fomu ya polisi ya majeruhi) baadaye. Kumzungusha polisi na damu inamtoka sikubaliani nako kabisa.

6. Kuandika: kwenye rejista inayofungiwa kabatini, kamwe si kwenye kadi ya kliniki. Kadi inakwenda nyumbani na mume anaisoma.

Karatasi yenye namba ya ustawi pia usimpe, namba aiweke kwenye simu. Mama mmoja aliihifadhi kwa jina la "Mama Nyanya". Tangu hapo wote nawaambia watafute jina la muuza mboga.