Maswali ya kuuliza kabla hujatoa advansi ya nyumba (sio baada)

Wengi wanaonunua nyumba Dar wanaanza kuuliza maswali wakati hela ishatoka, dalali ashapewa chake, na muuzaji simu anapokea akijisikia. Basi tuyaulize sa hivi. Naongelea nyumba za Tanzania bara, hasa zenye hati, zile za mitaani zisizo na hati nazo nitazigusa.

Muuzaji kanionyesha hati orijino, si inatosha?
Haitoshi. Hati ni karatasi, mwenye mali ni yule ambaye jina lake limo kwenye daftari la Msajili wa Hati, na ardhi yenyewe ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, we unachonunua ni haki ya kuimiliki kwa miaka ilobaki. Kwa hiyo chukua namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu, mwambie wakili wako aombe upekuzi rasmi kwa msajili (mtaani wanaita sechi), unalipia kwa kontrol namba unapewa majibu ya maandishi. Hapo unaona jina la mmiliki, kama kuna rehani ya benki, kama kuna zuio ambalo mawakili wanaliita kaveti, na miaka. Hati za mjini nyingi ni za miaka 33, 66 au 99 na watu hawaangalii ilianza lini, unakuta mtu kanunua hati ya 33 ambayo imebakiza 6. Pia jua kwamba mtu akiripoti hati imepotea anaweza kufuata taratibu akapewa nyingine, sasa ile ya zamani ikiibuka mkononi mwa mjanja unaonyeshwa karatasi halali kwa macho lakini haina kitu.

Sechi ya ofisini haikuambii nyumba imejengwa wapi. Nenda na mpima akutafutie mawe ya mpaka, afu kaongee na majirani bila dalali kuwepo, hapo ndo unasikia habari za kesi na ndugu waliogombana.

Ikionekana ina rehani nikimbie?
Sio lazima. Nyumba nyingi nzuri zina mkopo. Cha msingi benki iandike deni limebaki kiasi gani, na sehemu hiyo ya hela ulipe moja kwa moja benki sio kwa muuzaji eti yeye atapeleka, benki nayo itoe hati na nyaraka za kufuta rehani.

Mke wake yuko mkoani, tusaini tu?
Hapana aisee. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na mahakamani kesi za aina hii zimejaa. Mke au mume asaini ridhaa mbele ya wakili, na kama muuzaji anasema hana mwenza aape kwa maandishi. Nyumba ya marehemu ndo usiseme: huyo anayejiita mtoto mkubwa hana mamlaka ya kuuza mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi, na usimamizi wake uingizwe kwanza kwenye daftari la msajili ndo baadae ije kwako. Kikao cha ukoo peke yake hakikuvushi.

Tutumie wakili mmoja kupunguza gharama?
Mimi ningesema kila mtu na wake. Wakili mliyeletewa na dalali ana wateja wawili na anayemletea kazi kila wiki sio wewe. Jina lake litafute kwenye mfumo wa Mahakama wa e-Wakili uone kama leseni yake iko hai mwaka huu, manake mihuri ya kuchonga ipo mingi.

Kodi nani analipa nini?
Hapa ndo ugomvi ulipo kwa hiyo iandikwe kwenye mkataba. Kisheria kodi ya faida ya mauzo ni ya muuzaji, kwa mkazi mwenye risiti za gharama zake ni asilimia 10 ya faida, sio ya bei. Mfano anauza milioni 120 na ana risiti kwamba kununua na kujenga kulimgharimu 80, faida 40, kodi milioni 4. Kuna msamaha kwa nyumba aliyoishi mwenyewe miaka kadhaa kama faida haizidi milioni 15. Bila cheti cha TRA kwamba hiyo imelipwa msajili hahamishi jina, ndo maana muuzaji akishamaliza kupokea hela zote kodi inageuka kuwa shida yako. Mnunuzi kwa kawaida anabeba ushuru wa stempu, ambao ni kama asilimia 1, hapo kwenye 120 ni karibu milioni 1.2, pamoja na ada za usajili na hela ya mthamini.

Muuzaji atakuja na wazo muandike milioni 60 kwenye mkataba badala ya 120 ili kodi ipungue. Kwanza mthamini anatoa thamani yake na serikali inaiangalia hiyo. Pili dili likivunjika unadai 60 zilizoandikwa. Tatu siku ukiuza wewe, gharama yako inaanzia 60 na kodi ya faida inakurudia yote.

Hela nitoe vipi?
Kwa awamu, benki kwenda akaunti yenye jina lilelile la kwenye hati, sio ya shemeji. Ukishatoa advansi wakili wako aweke kaveti kwa jina lako ili nyumba isiuzwe mara mbili. Kiasi kikubwa kitoke pale muuzaji anaposaini fomu za ardhi namba 29, 30 na 35 (za kuhamisha umiliki) na kukabidhi hati orijino, picha, nakala ya NIDA na TIN, na risiti za kodi ya pango la ardhi (ile inayolipwa serikalini kila mwaka). Baki na kiasi mpaka cheti cha TRA kitoke. Akikataa kabisa awamu, mi ningeacha.

Na isiyo na hati?
Mkataba wa serikali ya mtaa na mashahidi wa pande nne unathibitisha mliuziana, haukupi hati. Leseni ya makazi nayo ni ya muda mfupi, haizidi miaka 5 kisha unahuisha. Uliza halmashauri kama eneo liko kwenye urasimishaji (mpango wa kupima makazi ya mitaani ili yapate hati), au liko kwenye hifadhi ya barabara au bondeni. Ile asilimia 10 wanayodai ofisi ya mtaa, we omba risiti ya serikali uone itakuwaje.

Hati ikishatoka kwa jina lako, badilisha jina kwenye kodi ya pango la ardhi na mita ya LUKU, maana kodi ya majengo inakatwa humohumo kwenye umeme na deni la nyuma unaweza kulikuta linakusubiri.