Kupiga Picha za Radi Usiku Ukiwa Nyumbani Kando ya Ziwa Victoria

Mkazi wa Mwanza, Musoma au Bukoba hana haja ya kusafiri ili apate picha nzuri ya radi, kwani Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo ya Afrika yenye radi nyingi, na radi za ziwani hupiga zaidi usiku. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo huvuma kutoka ziwani, na mvua za ngurumo hunyesha bara. Usiku mambo hugeuka: pepo za nchi kavu huelekea ziwani kutoka pande zote, hukutana juu ya maji ambayo bado yana uvuguvugu, na hewa hiyo hupanda na kujenga mawingu marefu ya radi. Kwa kuwa pepo za juu huyasukuma mawingu hayo upande wa magharibi, mtu wa Mwanza mara nyingi huyatazama kwa mbali baada ya usiku wa manane, ilhali mtu wa Bukoba huweza kupambazukiwa nayo juu ya paa lake. Nyakati nzuri ni za masika, Machi hadi Mei, na za vuli, Oktoba hadi Desemba.

Radi ya kupigwa picha ni ile iliyo mbali. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo hesabu sekunde kuanzia umeme unapomulika hadi ngurumo isikike, kisha gawanya kwa tatu upate kilomita. Ikiwa sekunde hazifiki 30, ondoka barazani na uingie ndani, hata kama tone la mvua halijaanguka, kwa sababu radi huweza kupiga nje kabisa ya eneo la mvua. Anayeishi juu ya vilima vya mawe vya Mwanza na awe mwepesi zaidi kuondoka. Ukiwa ndani, usiegemee nondo za dirisha, usioge wala kuosha vyombo, na utumie kamera kwa betri badala ya kuichomeka ukutani. Usitoke tena mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Wengi hukosa picha kwa sababu husubiri waone umeme ndipo wabonyeze, na kidole hakiwezi kuuwahi. Shata, yaani pazia la kamera linaloruhusu mwanga kuingia, inapaswa kuwa wazi tayari radi inapopiga. Funga kamera kwenye stendi, weka mipangilio ya mkono, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 100, kitundu cha lenzi f/8 na shata ya sekunde 15, halafu lenga fokasi kwa mkono kwenye taa iliyo mbali sana na ubandike kipande cha utepe wa kunata ili pete ya lenzi isisogee. Mwako wa radi hauchukui hata sekunde moja au mbili, kwa hiyo kurefusha muda wa shata huangaza mbingu na nyumba za jirani tu. Mng'ao wa radi yenyewe huamuliwa na kitundu na ISO. Radi ikitoka nyeupe kupita kiasi, nenda f/11, yaani kitundu kidogo zaidi. Ikififia kwa umbali, rudi f/5.6, kitundu kikubwa zaidi. Anga likigeuka rangi ya chungwa kwa taa za mji, punguza sekunde. Zima pia kipunguza chembechembe cha picha za muda mrefu (long exposure noise reduction), maana baada ya kila picha huishughulisha kamera kwa muda uleule, na radi nzuri hupita wakati huo.

Unapopiga kupitia kioo, zima taa zote za chumbani, pamoja na kile kitaa chekundu cha televisheni, kisha zungushia lenzi kitambaa cheusi kilichogusa kioo. Wavu wa mbu hufifisha picha, uondoe ikiwezekana.

Mwenye simu atafute hali ya kitaalamu (Pro) ndani ya programu ya kamera, aweke ISO 100 na sekunde 8, aiegemeze simu kwenye kitu kisichotikisika na atumie kipima muda cha sekunde 2. Simu isiyo na hali hiyo irekodi video, kisha utoe picha humo. Ubora utapungua, lakini radi haitakupita.

Nyakati za giza la mwezi, taa za wavuvi wa dagaa hupamba sehemu ya chini ya picha. Mitumbwi hutikiswa na mawimbi, hivyo ukizidisha sekunde, kila taa huwa kimstari kilichopinda.

Picha kadhaa zilizopigwa bila kusogeza stendi zinaweza kuunganishwa kuwa moja kwenye kompyuta. Ukifanya hivyo, liseme jambo hilo katika maelezo ya picha, la sivyo mtazamaji ataamini kwamba radi zote zilipiga kwa pamoja.